Nilivyompeleka Mkwe Wangu Dodoma

Kila anayekuja kunipa pole hukaa kidogo, akanywa chai, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: hivi hasa ilikuwaje? Nami nimekuwa nikijibu nusu nusu, maana katikati ya maneno mtoto analia, au anaingia mgeni mwingine, habari inakatika. Leo nimefunika cherehani yangu, nimekaa. Nawaandikia ninyi wenzangu wa kwaya habari yote tangu tulipotoka nyumbani, ili asiyekuwepo asije akasimuliwa na asiyejua.

Msengi, mume wa binti yangu Tabita, mlimfahamu. Ndiye aliyekuwa akibeba spika za kwaya peke yake, moja kila bega, na kurudi anacheka. Mtu mwenye afya ya ng'ombe. Baada ya kuvuna alizeti akaanza kuumwa kichwa. Akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi. Kikaja kikohozi, akapigwa picha ya kifua, wakaona doa, wakamwanzishia dawa za kifua kikuu. Akazimeza kwa uaminifu, na kichwa kikazidi. Kisha usoni vikamtoka vipele vidogo vidogo vyenye kitone katikati, na hapo ndipo watu wakaanza kunong'ona. Mnajua walichokuwa wanasema. Tabita alipoanza kliniki ya ujauzito walipimwa wote wawili, wakaambiwa wako salama. Lakini midomo ya watu haisomi majibu ya hospitali.

Alipofika mahali pa kutapika kila anachokula, ikabidi aende mjini. Nani ampeleke? Tabita alikuwa karibu kujifungua, hata kuinama kufagia alishindwa. Mama yake Msengi alifariki yeye akiwa mdogo. Kaka yake, Shila, alikuwa machimboni Geita na simu yake siku hizo haikupatikana. Nikabaki mimi.

Mnajua kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Tangu amuoe Tabita sikuwahi kula naye sahani moja, wala kumwita jina lake. Akinikuta njiani alikuwa akisogea pembeni, anasema shikamoo akiangalia chini, naitikia marahaba, tunapishana. Na mtu huyo ndiye niliyeondoka naye.

Kinyangiri mpaka Iguguno

Tulipanda kirikuu ya jirani, kigari kidogo cha mizigo kilichokuwa kinapeleka magunia ya alizeti. Msengi akakaa mbele na dereva, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia. Dereva alisema, "Mama, hapa mbele panatosha watatu." Nikamwambia huku nyuma kuna hewa. Alielewa, hakurudia.

Kila gari lilipoingia kwenye shimo, nilimwona kupitia kioo akishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyejitwisha mtungi anaogopa usidondoke.

Iguguno tulikaa sana. Magari yaliyotoka upande wa Nzega yalikuwa yamejaa, yakapita bila hata kupunguza mwendo. Nikamkalisha kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Mama yule akamwangalia anavyoyumba na kufumba macho kwa sababu ya jua, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Pombe za jana hizo! Kijana, kunywa chai ya rangi, weka ndimu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Msengi akaniwahi. "Asante, mama," akasema. "Niwekee nyingi."

Aliinywa yote, na ikakaa tumboni. Mama muuza chai akafurahi kwamba ametibu mlevi. Gari lilipokuja akamfungia na kiazi kwenye karatasi, akakataa kulipwa. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba mtu yule hajawahi kuonja pombe.

Singida mjini

Hospitali tuliyofikia, walimpima tena ule ugonjwa ambao watu walikuwa wanausema. Majibu yakatoka yale yale: hana. Nesi mmoja aliyasoma, akamwangalia usoni kwenye vile vipele, akasema, "Turudie." Wakarudia. Hana.

Daktari wa pale, mzee mpole, alimwambia akunje kidevu kiguse kifua. Akashindwa, shingo ilikuwa ngumu kama mti. Daktari akaniita nje. "Mama, huyu simuoni kama ana kifua kikuu. Nina wasiwasi na fangasi kichwani. Tunahitaji vipimo na dawa ambazo hapa kwa sasa sina. Mpeleke Dodoma, na msichelewe."

Wenzangu, mimi niliposikia fangasi kichwani, moyo wangu ulitua. Nilijua ni mapunye! Nikamwacha Msengi kwenye kivuli cha hospitali, nikaenda mbio hadi kwa Mama Rekha, yule Mhindi ninayenunua kwake nyuzi na zipu miaka yote, maana karibu na duka lake kuna duka la dawa. Nikatoka na mafuta ya kupaka na sabuni ya kuoshea nywele. Nikaingia kwake kupumzika, nikamweleza kwa furaha kwamba ugonjwa wenyewe kumbe ni mapunye.

Mama Rekha aliweka chini kitambaa alichokuwa anapima. "Mama Tabita," akasema, "wajukuu zangu wawili walipata mapunye. Walikuwa wanacheza mpira. Mapunye hayamfanyi mtu mzima atapike. Daktari alikuambia kichwani juu, au kichwani ndani?"

Sikuwa nimeuliza.

Nilirudi hospitali na ile sabuni mkononi. Daktari akaiona, akaelewa, na hakunicheka. Akagusa kipara chake, kisha akaonyesha kwa kidole mahali ambapo fuvu linafunika ubongo. "Ndani, mama. Ndani kabisa." Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu.

Kuteremka Saranda, kukwama Kintinku

Kesho yake asubuhi tukapanda basi la Dodoma. Msengi alikaa dirishani, mimi kiti cha upande wa pili wa njia. Kondakta akaniuliza kwa nini tusikae pamoja, kwani tumegombana? Akafikiri ni mtu na mkewe. Abiria wakacheka, nami nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Msengi akasema taratibu, "Huyo ni mama yangu." Hakusema mkwe. Akasema mama yangu.

Tulipita Ikungi, tukapita Manyoni. Mlima Saranda tuliuteremka salama, lakini tulipofika bondeni, karibu na Kintinku, basi likatoa moshi, likasimama. Dereva akafungua huku na huku, akasema kuna kifaa kinatoka Manyoni. Tukashuka wote. Joto la Kintinku mnalijua, linatoka juu na linatoka chini.

Msengi hakuweza kusimama. Wanaume wawili walimshusha, wakamlaza kwenye kivuli cha kibanda cha mama mmoja wa Kigogo anayeuza wali na maharage kwa wasafiri. Nilitandika kitenge changu. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku kwenye ardhi ngumu, analia kwa sauti ndogo. Mama yule akaniambia, "Mbona umesimama? Mpakate mwanao, umwekee kichwa pajani."

"Si mwanangu," nikasema. "Ni mkwe. Ameoa binti yangu."

Na kwao pia wanajua jambo hilo. Akaangalia kule barabarani, kama mtu aliyefungua mlango bila hodi. Kisha akavua aproni yake, akakaa chini, akasema, "Basi mimi si mkwe wake."

Akachukua kichwa cha Msengi, akakiweka pajani mwake. Akalowesha upande wa khanga, akawa anamkanda kwenye paji la uso na kuimba kitu kwa Kigogo, sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto mchanga. Wateja walipokuja aliwaambia wajipakulie wenyewe. Msengi akalala. Mimi nilikaa nyuma ya kibanda nikipepeta mchele wake, maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa, na machozi yakawa yanaangukia kwenye ungo.

Basi lilipotengemaa jua lilikuwa limeshaelekea magharibi. Nilimshika mkono yule mama nikamuuliza jina lake, lakini dereva alikuwa anapiga honi na abiria wanapiga kelele, sikulisikia.

Dodoma

Hospitali kubwa ya Dodoma walitupokea vizuri. Daktari wake alikuwa binti wa umri wa Tabita, amevaa raba za rangi ya machungwa. Alinisalimia shikamoo kabla ya neno lolote, akasema kwanza wanataka kuchoma sindano mgongoni watoe maji ya uti wa mgongo.

Kwenye benchi la nje palikuwa na baba mmoja aliyekuwa akimuuguza mkewe. Aliposikia akanivuta pembeni. "Usikubali, mama. Wakimtoa mtu maji ya mgongo hapiti juma. Nimeona kwa macho yangu." Nikaogopa. Nikampigia Shila, na safari hii akapatikana. Naye akapandisha sauti kutoka huko machimboni, "Mama, wasimguse mgongo mdogo wangu! Nakuja. Wasubiri nije."

Daktari akaniambia kusubiri ni hatari. Nikasimama pale kama mtu aliye kwenye mto uliojaa, mbele siwezi, nyuma siwezi. Yule ni mtoto wa watu. Nikikubali akafa, nitawaambia nini ndugu zake? Nikikataa akafa, nitamwambia nini Tabita?

Msengi alikuwa amefumba macho, kumbe anasikia. "Mama," akasema, "kichwa ni changu. Waambie watoe."

Wakamtoa. Walisema yale maji yalitoka kwa nguvu, kwa jinsi yalivyokuwa yamebana kichwani. Alipogeuzwa kulala chali, akasikiliza kwanza. Halafu akasema, "Kimenyamaza. Mama, kichwa kimenyamaza." Akatabasamu. Sikuwa nimeona meno yake tangu msimu wa alizeti.

Majibu yalipokuja, daktari akakaa na mimi. Walikuwa wamewaona fangasi kwenye yale maji, na kwenye damu. Doa la kifuani ni hao hao, na vipele vya usoni ni hao hao. Wameenea mwili mzima.

"Mama, hawa wako kwenye vumbi," akasema, "kwenye kinyesi cha njiwa, kwenye magome ya miti. Mimi na wewe tumewavuta kwa pua mara nyingi, na mwili ukawatupa. Kwa kawaida huwashinda watu ambao kinga ya mwili imeshuka, ndiyo maana kila mahali walimpima ugonjwa ule. Na sisi tumempima. Hana. Sukari hana. Kinga yake tumeiangalia, iko sawa. Hutokea mara chache sana kwa mtu kama huyu, na kwa kuwa ni mara chache, hugundulika kwa kuchelewa."

"Kwa nini yeye?"

Aliangalia zile raba zake. "Sijui, mama."

Lilinichoma jibu hilo, lakini nilimshukuru. Huko tulikotoka kila mtu alikuwa anajua.

Siku za nafuu

Dawa yake ilikuwa inaingia kwa dripu taratibu, na ilipokuwa ikiingia alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Baadaye alitulia. Maji ya mgongo waliendelea kuyatoa kila kichwa kilipobana. Yule baba wa kwenye benchi alikuja kuchungulia, akaona mgonjwa wangu anakunywa uji, akatikisa kichwa, akaondoka. Baadaye nikasikia amekubali na mkewe atolewe.

Siku moja Msengi alilala usingizi usio wa kawaida. Nesi akamtikisa, hakuamka. "Mama, mwite jina," akaniambia. Nikasema, "Baba, amka." Nesi akasema, "Si hivyo, mwite jina lake, kwa nguvu!" Nikaangalia nyuma yangu, kama vile kijiji kizima kimesimama mlangoni. Kisha nikapaza sauti.

"Msengi! Msengi!"

"Naam, mama," akaitika, kutoka mbali sana.

Tangu siku hiyo niliacha kuhesabu heshima. Nilimlisha kwa mkono wangu, nilimfuta, nilimgeuza. Mara ya kwanza alifunika uso kwa shuka. Mara ya pili hakufunika. Akaomba mlenda, nikatembea mpaka nikaupata kwa mama lishe mmoja nje ya geti, nikamkatia ugali matonge madogo. Tulikula kwenye bakuli moja, mimi na yeye.

Macho yake yalikuwa yanafifia. Alisema ananiona kama mtu aliye nyuma ya pazia. Masikio nayo yakawa yanaziba, ikabidi kila jambo nimsemee karibu.

Ndipo Tabita akajifungua. Dada yangu alinipigia akishangilia: mtoto wa kiume, mzito, mama na mtoto wazima. Nikainama sikioni kwa Msengi. "Tabita amejifungua! Mtoto wa kiume!"

"Wa kike?" akasema, uso ukang'aa.

"Wa kiume!"

"Wa kike," akasema tena, safari hii akijiambia mwenyewe. Akaanza kulia kwa furaha. "Mungu amenirudishia mama. Aitwe Roda. Mama yangu aliitwa Roda. Mwambie Tabita, mama. Mwambie aitwe Roda."

Nilivuta pumzi ili niseme kwa sauti kubwa zaidi. Wodi nzima ilikuwa inatuangalia, wagonjwa na wauguzaji, na yule nesi amesimama na trei yake. Nikauona uso wa Msengi. Nikasema, "Nitamwambia."

Siku zilizofuata alikuwa akimzungumzia huyo Roda. Nimfunze kushona. Asichelewe kuanza shule. Nikawa naitikia tu.

Alifariki mchana, jua limejaa dirishani. Degedege lilimshika ghafla, wakaja wengi, wakavuta pazia. Daktari mwenye raba za machungwa ndiye aliyetoka nje kuniita, na kabla hajasema, akanishika mikono yote miwili. Nilimuuliza kama tulichelewa. Akasema, "Mlikuja haraka mlivyoweza, mama. Ugonjwa ndio uliotangulia."

Kurudi

Shila, aliyecheleweshwa machimboni, alitoka Geita akija kuuguza, akafika akakuta ni kuzika. Hakunilaumu. Alikaa kwenye ngazi za hospitali akauliza swali moja tu, kama mdogo wake aliumia sana. Nikamwambia kulikuwa na siku ambazo hakuumia, na nikamsimulia mlenda.

Tulirudi na jeneza kwa njia ile ile. Kintinku tulipita bila kusimama. Nilitoa kichwa dirishani, nikaona kibanda, nikaona moshi wa jiko, mtu sikumwona. Mjini Singida Mama Rekha alikuwa amesimama barabarani na wanawe, ameshika kitambaa cheupe pima nzima. Alikipitisha dirishani, akafunga mikono kifuani.

Mazishini mlikuwepo wengi, sitarefusha. Ila kuna jambo mlioketi nyuma hamkulisikia. Kabla ya ibada Shila aliniambia, "Mama, nikisimama kusoma wasifu nitasema malaria. Nikisema fangasi watafikiri tunaficha." Nikamwambia sina mamlaka juu ya ukoo wao, lakini mdogo wake alipimwa mpaka mishipa ikachoka, na majibu yake yalikuwa safi.

Akasimama. Akasoma alipozaliwa, alipobatizwa, alipofunga ndoa. Alipofika kwenye ugonjwa akakunja karatasi. "Mdogo wangu ameuawa na fangasi walioingia kwenye ubongo," akasema. Nikasikia mtu nyuma yangu anauliza, "Mapunye?" na mwingine akaguna. Shila naye akasikia. "Anayetaka kucheka acheke sasa, tumngoje amalize, ndipo tuzike." Hakucheka mtu.

Wageni walipopungua, alasiri moja nilikuwa namwogesha Tabita kwa maji ya moto. Hakuwa ameniuliza chochote tangu nirudi. Mtoto alikuwa amelala kitandani. Shila alikuwa ameshasema ukoo umeamua aitwe Msengi, jina la baba yake, na hakuna aliyepinga.

"Mama," Tabita akasema, "alijua kama nimejifungua?"

"Alijua. Alilia kwa furaha."

"Alisema mtoto aitwe nani?"

Ningeweza kusema Msengi, na lingefaa. Lakini ni mume wake, na maneno yale yalikuwa yake. Nikamweleza yote: masikio yalivyoziba, nilivyopaza sauti, nilivyoacha. Nikamwambia baba wa mtoto wake amekufa akijua ana binti, na kwamba alimwita Roda, na kwamba alimpangia mpaka shule.

Maji yalikuwa yanapoa. Tabita akatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia, vyote kwa pamoja, na mimi nikamshika mabega yaliyolowa.

"Mwache awe na binti yake," akasema hatimaye. "Huyu wangu nitabaki naye mimi. Roda mwache aende na baba yake."